Mbavu za Baba Mkwe

Nataka niseme hili mapema ili tusisumbuane: Adela hakukosea. Nimesikia yanayosemwa kanisani. Nimesikia yanayosemwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania, na hata ya sisi Wakenya ambao hatuhusiki, ati yeye ni mwanamke aliyemvunjia baba mkwe wake heshima kwenye zulia la sebuleni. Mimi nilikuwepo. Magoti yangu yalikuwa juu ya zulia hilohilo. Hao wanaosema sana walikuwa kwao wakila wali. Kwa hivyo atakayeeleza ni mimi, Nkatha, na asiyetaka kunisikiliza aende akawaulize hao wengine.

Adela ni muuguzi wa idara ya dharura kama mimi. Tunafanya kazi hospitali moja huku Maryland, na jina lake silitaji kwa sababu bado nahitaji kazi. Yeye ni Mtanzania, Mnyakyusa wa Tukuyu, mfupi, mpana wa mabega, na ana sauti. Sisi Wakenya tunapenda kuwatania Watanzania na "naomba" zao na "samahani" zao, ati Mtanzania huomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Basi Adela siku ya kugawa hizo samahani hakuwepo. Nimemwona kwa macho yangu akimwambia daktari bingwa wa moyo, mzee mwenye mvi zake, asogee kwa sababu amesimama njiani. Na daktari akasogea.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfanya awe kiongozi wa timu yetu kwenye mazoezi ya kuigiza. Hospitalini kuna chumba kilichopangwa sawasawa na vyumba vyetu vya dharura, kitanda, mashine, kila kitu, ila mgonjwa ni mdoli. Si mdoli wa kuchezea. Anapumua, anatoka jasho, ukimshika mkono unahisi mapigo, na anaongea, kwa sababu nyuma ya kioo ameketi mwalimu wetu Bridget, Mkenya wa Kapsabet, na maikrofoni yake. Bridget ndiye anayeamua leo mgonjwa ana nini, na tukizubaa anamuua. Mdoli mwenyewe tulimbatiza Mzee Plastiki.

Wengi hudhani pale tunafundishwa dawa. Dawa tunazijua. Tunafundishwa kufanya kazi pamoja wakati kila mmoja ana hofu. Mmoja anaongoza. Akikupa kazi anakuita kwa jina, na wewe unairudia kazi hiyo kwa sauti kabla ya kuifanya, ili ajue umesikia na wengine wajue imepata mtu. Ukiona kosa unasema, hata kama wewe ndiye uliyeingia kufagia. Mwishoni tunakaa duara tunaulizana tuliona nini, bila kulaumiana. Hapo kwa kutolaumiana mimi huwa nashindwa. Wameru tunasemwa kwa hasira, na nadhani mimi nilichukua yangu na ya ndugu zangu wote.

Sasa, huyo ndiye Adela wa kazini. Adela wa nyumbani nilimjua siku ya kwanza nilipomtembelea kwake Wheaton, kwenye yale maghorofa yaliyo karibu na stesheni ya Metro. Nilimkuta jikoni kwake mwenyewe amejibanza nyuma ya friji, sinia la chai mkononi, hasongi mbele wala harudi nyuma. Nikamuuliza anamwogopa nani. Akanikodolea macho ninyamaze. Nikasikia ndara zikiburuzwa kwenye korido, mlango wa bafu ukafungwa, ndipo Adela akatoka mbio na sinia lake hadi sebuleni kabla mlango haujafunguliwa tena. Huyo alikuwa anampisha baba mkwe wake.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwa Wanyakyusa wa kizazi cha huyo mzee, mke wa mwanao hukutani naye uso kwa uso. Hampishani njiani, hamshikani mikono, hamzungumzi ana kwa ana, na mwili wake na wako ni vitu viwili visivyokaribiana kabisa. Si chuki. Ndivyo mnavyoheshimiana. Huko Tukuyu jambo hilo lilikuwa na nafasi yake, nyumba huku, nyumba kule, na migomba katikati. Wheaton kuna korido moja, na bafu moja, na watu wazima watatu.

Mzee Mwakalukwa alikuja baada ya mkewe kufariki, na alikuja kwa sababu ya moyo. Madaktari wa huku waliupima wakasema umechoka, na kwamba unaweza kusimama siku yoyote bila kutoa taarifa. Kwa binti yake Honorata, kule Bladensburg, alikataa kukaa, akisema haiwezekani mzee alale kwenye nyumba ya mkwe wake wa kiume. Basi akakaa kwa mwanawe Zefania, mume wa Adela, mtu mpole wa kompyuta ambaye ukimkanyaga anakuomba msamaha yeye. Zefania akawa ofisini mchana kutwa. Nyumbani wakabaki mzee, moyo wake, na muuguzi asiyeruhusiwa kumtazama.

Na lazima wawasiliane, maana mtu anakula, anameza vidonge. Kwa hivyo mzee alikuwa anaongea na televisheni. Anasema, "Televisheni, mwambie mama huyo chumvi imezidi." Na Adela kutoka jikoni analiambia friji limjulishe baba kwamba chumvi amekatazwa kabisa, hiyo anayoionja ni ndimu. Miaka ikapita hivyo. Walipendana, nisieleweke vibaya. Mzee alikuwa akirudi kutembea na wazee wenzake ndani ya mall anamletea Adela maandazi ya kule, yale yenye tundu katikati, anayaweka juu ya meza ya korido na kuondoka.

Kosa lilianza kwa utani. Adela alitusimulia kazini habari za friji na televisheni, tukacheka, na Bridget akaziweka akilini. Wiki iliyofuata tukaingia kwenye mazoezi, tukamkuta Mzee Plastiki amevalishwa ndevu nyeupe na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni. Tukajua leo kuna mchezo. Zoezi lenyewe lilikuwa la kawaida, mzee na maumivu ya kifua. Ghafla kwenye spika ikatoka sauti nzito ya Bridget akijifanya mwanamume: "Mkwe wangu, njoo unishike, nakufa." Sisi wa Kiswahili tukaangua kicheko. Mashine ikalia. Moyo wa Mzee Plastiki ukasimama, na aliyekuwa karibu na kifua ni Adela.

Mikono yake ilifika nusu ikabaki hewani.

Nilidhani anaigiza. Nikamwita. Hakuitika. Alikuwa anaangalia vifungo vya lile shati, na kwa kuwa kiongozi amenyamaza, timu nzima ikanyamaza, kila mtu akingoja apewe kazi. Watu tuliosomea kazi hii, tumesimama tunatazamana. Mashine ikaendelea kulia hadi Bridget mwenyewe akaizima. Mzee Plastiki alikuwa amekufa.

Kwenye duara Bridget aliomba msamaha, akasema utani umepita mpaka na hatarudia. Adela ndipo akainua kichwa. Akamwambia arudie. Akamwambia kesho yake aweke ndevu zilezile, shati lilelile, sauti ileile, na keshokutwa vilevile, na asithubutu kuondoa neno hata moja. Bridget akajaribu kumtuliza, ati afya ya akili, ati ajipe muda. Adela akamjibu kwamba muda ndio kitu ambacho baba mkwe wake hana.

Kule kwenye maegesho ya magari nilimfuata. Alikuwa amekaa garini, injini haijawashwa. Akaniambia, "Nkatha, leo nimemuua baba mkwe wangu."

Nikamwambia amemuua mdoli.

"Mikono haijui tofauti," akasema. Akaitazama mikono yake yote miwili kwa hasira. Nikaelewa. Siku moyo wa mzee utakaposimama, wa kwanza kuwa karibu atakuwa Adela, na mikono yake itabaki hewani, na atamtazama baba wa mumewe akifa kwenye zulia kwa adabu kubwa. Hicho ndicho kilichokuwa kimemkaa kooni, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia kingine.

Bridget alimrudishia zoezi lile hadi akachoka na sauti yake mwenyewe. Mara ya pili mikono ilishuka lakini ikatetemeka. Baadaye ikashuka bila kutetemeka. Ikafika mahali spika inasema "mkwe wangu" na Adela anararua lile shati vifungo vinaruka, anakandamiza kifua huku anamjibu: nimesikia, baba, nyamaza. Ningedhani yameisha. Lakini Adela akaniambia mikono imejifunza, sasa bado timu. Hospitalini tuko wengi na kila mtu anajua nafasi yake. Nyumbani timu ni Zefania, na Honorata anayekuja Jumamosi, na majirani. Watu wa aina hiyo moyo wa mtu ukisimama wanampepea na gazeti, wanaomba kwa sauti, na wanapiga simu Mbeya. Nami nikasema kwetu Meru pia, usijali, ila sisi simu tunapiga mjini Maua.

Akaazima kwa Bridget mdoli wa kufundishia, kiwiliwili tu, kichwa na kifua, akambeba ndani ya sanduku la safari. Mzee akiwa ameenda mall kutembea, mdoli akalazwa sebuleni. Nikaenda kusaidia. Zefania akalikuta jambo hilo akasimama mlangoni, begi begani, hajui aingie au arudi kazini. Honorata, dada yake mkubwa, hakuwa na shida ya kujua. Alimkuta mdoli pale chini akashika kiuno. Akasema huko ni kumchuria baba, kumwandalia mkeka wa msiba angali anakunywa uji. Akasema wenye akili hawaigizi kifo cha mtu aliye hai, na kwamba kifo kikiitwa huitika.

Na huyu ni mwanamke anayetunza wazee. Kazi yake ni kuwaogesha baba za watu wengine, kuwageuza kitandani, kuwavalisha soksi. Nilitaka kumwambia hayo. Niliyasema, kwa kweli. Adela akanizuia. Akamwambia wifi yake, bila kupandisha sauti, kwamba haigizi mzee kufa, anafanya mazoezi ya mzee asife, na asiyetaka akae kwenye kochi.

Honorata akakaa kwenye kochi. Akakunja mikono, akasema amebaki kama shahidi.

Zoezi la kwanza lilikuwa aibu tupu. Kwenye jengo lao kuna chumba cha mazoezi ya viungo, na ndani yake imetundikwa mashine ya kushtua moyo. Zefania alitumwa akailete. Alishuka mbio, akakuta mlango unataka ufunguo, ufunguo uko kwenye gari, gari liko chini kabisa, na alipopanda tena alikuwa anahema kuliko mgonjwa. Adela hakumlaumu. Alipigilia msumari karibu na mlango, akautundika ule ufunguo pale, na akatoa amri kwamba yeyote atakayeuondoa atalala nje. Zoezi lililofuata Zefania alisahau kurudia kazi yake kwa sauti. Adela akamrudisha. Akasahau tena. Akarudishwa tena. Hadi mwanaume yule akawa anajibu hata mezani, ukimwambia leta maji, anasema, "Naleta maji." Honorata kila Jumamosi yuko pale kwenye kochi, mikono imekunjwa, anasikia yote.

Bila shaka mzee alijua. Nyumba ile kuta ni kama karatasi, ubishi wa mazoezi uliendelea hata akisharudi, na sanduku la safari halifichiki. Jumapili moja nikiwa pale baada ya kanisa, akiwa sebuleni na Zefania, mimi na Adela jikoni, akapunguza sauti ya mpira akasema.

"Televisheni," akasema, "mwambie mama huyo nimesikia anachofanya. Nikianguka, nisiguswe. Aite watu wa ambulensi, akae jikoni. Nimeishi na heshima yangu, nitaondoka nayo."

Zefania alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwona Adela ameshika ukingo wa sinki. Aliyekuwa akinong'ona nyuma ya friji miaka yote hiyo akasema kwa sauti ya kazini, ile inayosogeza madaktari.

"Friji, mwambie baba: akianguka nitamshika. Akiamka anifukuze nyumba hii. Lakini ataamka."

Mzee akaongeza sauti ya mpira. Siku nyingi baada ya hapo maandazi yenye tundu hayakuonekana mezani, na televisheni haikutumwa chochote. Adela aliumia, alilia garini mara mbili tatu, lakini Jumamosi ikifika mdoli anatoka sandukuni. Mimi nilimuuliza kama haogopi. Akasema anaogopa sana, na akanyoosha mdoli shingo.

Mzee alianguka Jumamosi. Theluji ilikuwa imenyesha, wazee hawakwenda mall, na kwa sababu yuko nyumbani hakukuwa na zoezi. Tulikuwa tunakula. Honorata alikuwa amepika kande. Mzee alitoka chumbani kwake kwenda bafuni, na Adela akajisogeza nyuma ya friji kama kawaida, na tukasikia ndara, kisha hatukusikia ndara, kisha kishindo.

Adela alifika wa kwanza kwa sababu jikoni ndiko karibu. Nilipotokeza alikuwa amemgeuza chali, pale korido inapoingia sebuleni, sikio lake puani mwa mzee. Mzee alikuwa amevaa shati lake la mikono mirefu, vifungo hadi shingoni. Hapumui. Nikaona macho ya Adela yamefika kwenye vile vifungo.

Nasema kweli, mimi niliomba. Niliomba na kope zangu wazi.

Nyuma yetu Honorata akapiga ukelele, "Usimguse baba! Adela, huyo ni mkweo!"

Adela akashika kola kwa mikono miwili akararua. Kifungo kimoja kilinipiga shavuni. Akaweka viganja katikati ya kifua, akafunga viwiko, akaanza kukandamiza, na huku anakandamiza akamjibu Honorata bila kugeuka, "Nimesikia. Honorata, nenda kwenye lifti, izuie, uwalete watu wa ambulensi."

Honorata alikuwa na mikono kichwani. Mdomo wake ukafunguka, na kilichotoka ni, "Naenda kwenye lifti, naizuia, nawaleta." Akaenda. Yule yule wa kwenye kochi.

"Zefania, piga 911, weka spika, kisha leta mashine."

"Napiga, naweka spika, naleta mashine." Alikuwa analia, lakini alisema. Ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Nilisikia mlango ukigonga ukuta.

"Nkatha, nikichoka unapokea."

"Ukichoka napokea," nikasema, na nikapiga magoti.

Nilisikia mbavu zikivunjika. Wauguzi tunaijua sauti hiyo, na tunajua maana yake ni kwamba unakandamiza inavyotakiwa. Mtu mwingine angelegeza mkono. Adela hakulegeza. Alikuwa anahesabu kwa Kinyakyusa, nadhani bila kujua, jasho linamdondokea mzee kifuani, mwili wake na wa mzee umbali wa kiganja. Nikampokea. Akanipokea. Zefania akarudi na mashine, tukabandika, ikasema tusogee, tukasogea, ikashtua. Tukaendelea. Ikashtua tena. Na Honorata akaingia na vijana wa ambulensi nyuma yake, anawaonyesha njia kwa mikono yote miwili.

Moyo ulirudi kabla hawajamtoa kwenye korido. Mmoja wa wale vijana akauliza aliyeanza kukandamiza ni nani, na yuko kituo gani cha ambulensi. Adela alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea friji.

Ingeishia hapo kama watu wangekuwa na shukrani. Mzee alizibuliwa mshipa, akakaa hospitali, akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo na kushika ubavu. Na huko Tukuyu habari zikafika kabla yake. Baba mdogo Gervas, mdogo wake mzee, akaitisha kikao cha ukoo. Jumapili mchana simu ikawekwa katikati ya meza ya sebuleni, na sauti za wazee ambao hawajawahi kuona theluji zikaanza kutoka ndani yake. Mimi niliitwa kama shahidi, na nilikuwa nimeapa kwa mama yangu kwamba nitanyamaza.

Walisema mengi kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili ili mimi nisikose. Kwamba kilichofanyika hakijawahi kufanyika. Kwamba hawamlaumu, alishikwa na hofu. Aombe radhi tu mbele ya kikao, aseme alikosea, utaratibu wa kusafisha utafanywa nyumbani, na yaishe. Asipoomba, mzee hawezi kuendelea kuishi chini ya dari moja na mwanamke huyo. Atarudishwa Tukuyu. Zefania akasema kwa sauti ya chini kwamba huko kijijini hakuna mashine, hakuna ambulensi. Baba mdogo akajibu kwamba hilo amwambie mkewe.

Adela alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ndani ya jikoni, mahali pake. Kila mtu akamgeukia isipokuwa mzee, aliyekuwa kwenye kiti chake ametazama televisheni. Televisheni ilikuwa imezimwa. Honorata, ambaye ndiye aliyewapigia simu kuwaeleza, alikuwa analia kimyakimya. Akamwambia wifi yake aseme tu neno moja, ni neno tu, ili baba abaki.

Adela akatoka jikoni. Akapita kwenye korido, akaingia sebuleni, akasimama mbele ya wote, na mzee akiwemo.

"Kuomba radhi ni kuahidi sitarudia," akasema. "Siwezi kuahidi. Baba akianguka leo nitamshika. Akianguka kesho nitamshika. Mkimpeleka Tukuyu nitakwenda Tukuyu, nitalala nje ya mlango wake, na akianguka nitamshika mbele yenu wote. Radhi siombi."

 

Mzee akashika fimbo yake. Akajigeuza kwenye kiti, polepole, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinamuuma, hadi akawa ameelekeana naye. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akimtazama. Alimtazama sana. Adela hakuinamisha uso.

"Mama," mzee akasema, "umenivunja mbavu."

"Ndiyo, baba. Tatu."

"Ukinishika tena, utavunja ngapi?"

"Zitakazobidi, baba."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona ni ya haki. Akakigusa kifua chake kwa kiganja. Kisha akamtazama Honorata anayelia, na Zefania, na akayaangalia yale magoti yangu makubwa ya Kimeru.

"Hawa wote wana mioyo," akasema. "Siku wakianguka wao, kazi yangu ni ipi? Wote mna kazi, mimi nimekaa tu na televisheni."

Sauti ya Adela ilikuwa ya kazini, ila imepasuka katikati.

"Baba, wewe utafungua mlango na kuushikilia."

Na Mzee Mwakalukwa, ambaye muda wote huo alikuwa amemsikia Zefania akirudia kazi hata mezani, akainua kidevu na kuirudia kazi yake kwa sauti.

"Nafungua mlango. Naushikilia."

Baba mdogo Gervas akauliza kwenye simu nani anaongea na nani huko. Zefania akanyoosha mkono, akaikata simu.